Kiongozi Huandaliwa Kaunta: Kukuza Uongozi kwa Watumishi wa Maktaba

Uongozi katika maktaba ni kazi ya kuamua jambo mbele ya msomaji, kulieleza, kuliandika na kukubali kuulizwa juu yake. Hauanzii kwenye cheo. Mtumishi wa kaunta anayempokea mzazi ambaye mwanawe amepoteza kitabu anaongoza kwa dakika hizo chache, apende asipende. Mlinzi anayeamua kama mwanafunzi aingie na mkoba wake au auache mlangoni naye anatoa uamuzi unaomgusa msomaji moja kwa moja. Maktaba moja hutofautiana na nyingine kwa kiasi ambacho watu hao wameandaliwa kwa kazi hiyo.

Wakuu wa maktaba, kuanzia za mikoa hadi za vyuo, huuliza tena na tena: kwa nini watumishi waliosoma vizuri, wengine wakiwa na stashahada na shahada, bado wanangoja mkuu arudi ofisini ndipo jambo dogo lipate jibu? Na watajengwaje? Jibu fupi ni kwamba mtu hujifunza kuamua kwa kupewa mambo ya kuamua, yenye mipaka iliyoandikwa, na kwa kuwa na mtu wa kukaa naye baadaye kuyapitia. Maelezo yanayofuata yanahusu namna ya kufanya hivyo katika maktaba ya kawaida ya Afrika Mashariki, yenye watumishi wachache, bajeti ndogo na wasomaji wengi.

## Mafunzo darasani yana nafasi yake, na yana kikomo

Huduma za maktaba za umma Tanzania Bara zilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Siku hizo upungufu mkubwa ulikuwa wa ujuzi wenyewe. Chuo cha ukutubi cha Afrika Mashariki kilianza Makerere mwaka 1963 kwa sababu wakutubi wenyeji waliosomea kazi walikuwa wachache mno. Baadaye, mwaka 1989, Tanzania ikapata chuo chake cha maktaba, nyaraka na uhifadhi, SLADS, huko Bagamoyo. Vyuo hivi vimetoa watu wanaojua kuainisha, kuorodhesha na kutunza vitabu. Siku hizi yapo pia mafunzo ya uongozi yenyewe: AfLIA, jumuiya ya maktaba za Afrika yenye makao yake Accra, imekuwa ikiyaendesha kwa wakutubi wa nchi mbalimbali za bara hili.

Tatizo huanza mtu anaporudi. Anakuta meza ile ile na ruhusa zile zile, na baada ya mwezi mmoja aliyojifunza yamekwisha. Kwa hiyo, kabla mtumishi hajapanda basi kwenda kwenye warsha, mambo matatu yawe yamekubaliwa kati yake na mkuu wake:

1. Shughuli moja atakayokabidhiwa akirudi, kwa jina na kwa tarehe.
2. Siku atakayowaeleza wenzake alichojifunza, kwa saa moja, mbele ya rafu au kompyuta inayohusika badala ya ukumbini.
3. Kitu kimoja katika maktaba anachoruhusiwa kukibadilisha bila kuomba tena.

Yasipokubaliwa haya, ni afadhali nafasi hiyo apewe mwingine. Warsha isiyo na kazi inayoingoja ni posho na cheti tu.

## Pa kuanzia: daftari la "tufanyeje?"

Haifai kugawa majukumu kwa kubahatisha. Kwanza ijulikane ni maamuzi gani yamerundikana mlangoni kwa mkuu. Daftari moja linatosha. Kwa wiki mbili, kila jambo linaloletwa kwake na mtumishi anayeuliza "tufanyeje?" huandikwa: nani kalileta, ni jambo gani, amejibiwa nini. Daftari likisomwa mwishoni, huonekana kwamba mengi ya maswali hayo yanajirudia na majibu yake hayabadiliki. Haya ndiyo hujitokeza zaidi:

- Msomaji ana faini na anaomba asamehewe.
- Kitabu kimerudi kimelowa, au kurasa zimechanwa.
- Mwalimu ameleta darasa zima bila taarifa.
- Umeme umekatika jioni na ukumbi umejaa.
- Mwanafunzi hana kitambulisho, ila ana barua ya shule.
- Gari limeleta maboksi ya vitabu vya msaada na dereva anataka sahihi.
- Wasomaji wawili wanagombea kiti.

Maswali hayo yagawanywe katika mafungu matatu, na kikao cha watumishi wote kishiriki kuyagawa. Fungu la kwanza ni mambo ambayo mtumishi aliye kaunta anayaamua mwenyewe na yanaishia hapo, kama kiti au kitambulisho. La pili ni yale anayoyaamua lakini anatoa taarifa siku hiyo hiyo, kama darasa lililokuja ghafla au kufunga ukumbi mapema kwa sababu ya umeme. La tatu ni yale yasiyofanyika bila mkuu.

Fungu la tatu liwe fupi, na liwe bayana. Mambo mawili hayana budi kubaki humo. La kwanza ni fedha: faini na ada ya uanachama ni makusanyo ya umma, yana stakabadhi na wakaguzi, na mtumishi hawezi kusamehe kiasi ambacho kanuni hazikumruhusu kusamehe. La pili ni kuondoa vitabu. Kitabu kikishaingizwa kwenye rejesta ni mali ya umma, na hata kikiwa kimeliwa na mchwa, kufutwa kwake kuna utaratibu. Kumwacha mtumishi aamue peke yake katika mambo haya ni kumtega, hata kama nia ni njema.

Hata hivyo, ndani ya mambo hayo hayo kuna kazi nzuri ya kujifunzia. Mtumishi anaweza kuandaa orodha ya vitabu vinavyopendekezwa kuondolewa katika rafu za sayansi, akiandika sababu mbele ya kila kimoja: kimechakaa, mtaala umebadilika, kuna toleo jipya, hakijaazimwa kwa miaka kadhaa. Uamuzi wa mwisho si wake, ila hoja ni yake, na ataitetea mbele ya mkuu. Vitabu vya msaada navyo ni hivyo hivyo. Mtumishi afundishwe kwamba sahihi ya kupokea maboksi ni jambo moja, na kuingiza vitabu katika rafu ni jingine. Anasaini idadi ya maboksi. Kisha anapewa siku kadhaa kupembua yaliyomo na kupendekeza kipi kiingie. Maktaba nyingi zimejaza nafasi yao vitabu vya kiada vya nchi za mbali ambavyo hakuna msomaji aliyeviomba, kwa sababu tu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kusema havifai. Kujifunza kusema hivyo kwa heshima, kwa maandishi na kwa sababu, ni uongozi wa kweli.

## Jukumu liandikwe kwenye karatasi moja

Kauli ya "kuanzia leo wewe shughulika na sehemu ya watoto" huzaa malalamiko. Baada ya wiki tatu mkuu anaona hakuna kilichofanyika, na mtumishi anaona amelaumiwa kwa jambo ambalo hakuambiwa. Karatasi moja huondoa utata huo. Iwe na:

- shughuli yenyewe, kwa sentensi moja;
- matokeo yanayotarajiwa na tarehe yake;
- anachoruhusiwa kuamua, na asichoruhusiwa;
- vitu alivyonavyo: saa ngapi kwa wiki, nani wa kumsaidia, fedha kama zipo;
- siku mbili za kukutana na mkuu kabla ya mwisho.

Nakala moja abaki nayo mwenyewe, nyingine iende kwenye jalada lake. Katika utumishi wa umma Tanzania, ambako mfumo wa PEPMIS umechukua nafasi ya OPRAS katika kupima utendaji, shughuli hiyo iingizwe pia humo. Kazi ya ziada isiyoonekana popote wakati wa kupima utendaji humvunja mtu moyo, na wenzake wanaoangalia hujifunza kutojitolea.

Shughuli ya kwanza iwe ndogo lakini kamili, yenye mwanzo na mwisho. Kupanga upya rafu za vitabu vya watoto, kuendesha saa ya hadithi kwa muhula mmoja, kusimamia hesabu ya vitabu vya sehemu moja, au kuwafundisha wenzake kipengele kimoja cha Koha, programu ya kompyuta ya kuendeshea maktaba, ni mifano mizuri. Kumpa mtu kipande tu cha kazi ya mwingine, kama vile kubandika namba za mwito kwa wiki nzima, kunamsaidia mkuu tu.

## Zamu ya Jumamosi

Katika maktaba za umma hakuna darasa la uongozi linalozidi zamu ya Jumamosi, hasa Septemba na Oktoba, kabla ya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba. Mkuu hayupo, ofisi za halmashauri zimefungwa, na wasomaji ni wengi kuliko siku yoyote ya juma. Anayepewa zamu hiyo kwa Jumamosi nne au tano mfululizo hujifunza mengi kuliko katika semina ya juma zima.

Tuchukue hali inayofahamika kwa yeyote aliyewahi kukaa kaunta msimu huo. Mlango unafunguliwa saa tatu asubuhi na foleni tayari ipo. Ikifika saa nne viti vimekwisha. Wengi wa walioketi hawakuja kusoma vitabu vya maktaba. Wana madaftari na mitihani ya miaka iliyopita, wanachohitaji ni meza, mwanga na utulivu. Saa sita baadhi wanatoka kwenda kula na kuacha mikoba juu ya viti. Wengine wamesimama ukutani wakivitazama viti hivyo visivyo na watu. Mmoja anauondoa mkoba, mwenye mkoba anarudi, sauti zinapanda.

Msimamizi wa zamu aliyeandaliwa hangoji ifike hapo. Asubuhi ileile ameandika kwenye karatasi na kuibandika mlangoni: kiti kilichoachwa kwa zaidi ya nusu saa kitapewa mwingine, na mkoba utahifadhiwa kaunta. Amelitangaza hilo mara moja kwa sauti ya kawaida. Mlalamikaji akija, anaonyeshwa tangazo na kupewa nafasi inayofuata kupatikana. Kuhusu sehemu ya watoto, ambayo ina viti vitupu, anashawishika kuwafungulia wakubwa. Lakini Jumamosi ndiyo siku ambayo wazazi huwaleta watoto. Anaamua kuwaruhusu wakubwa hadi saa tano tu, au anakataa kabisa. Maamuzi yote mawili yana mantiki, na mkuu asitafute jibu lililo "sahihi" kichwani mwake.

Jioni anaandika nusu ukurasa katika daftari la zamu: idadi ya wasomaji, tatizo lililojitokeza, alichoamua na sababu. Jumatatu mkuu anakaa naye kwa robo saa na kumuuliza mambo manne:

1. Uliona nini kabla ya kuamua?
2. Kulikuwa na njia gani nyingine?
3. Nani aliumia kwa uamuzi huo?
4. Ukirudiwa na hali hiyo, utafanya vilevile?

Hapa ndipo wakuu wengi hukosea. Uamuzi ukiwa ndani ya mipaka, usibatilishwe mbele ya wasomaji, hata kama mkuu angeamua vingine. Msomaji aliyekataliwa Jumamosi akija kulalamika Jumatatu na mkuu akamruhusu papo hapo, habari zitaenea ukumbi mzima kwamba msimamizi wa zamu si lolote. Kama uamuzi haukufaa, ubadilishwe na mtumishi mwenyewe, kwa tangazo lake mwenyewe, zamu inayofuata.

## Kusema na kuandika kwa niaba ya maktaba

Mtumishi anaweza kuijua kazi yake vizuri sana na bado asiweze kuieleza mbele ya watu wanaogawa fedha. Udhaifu huu umeonekana wazi zaidi Kenya. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka maktaba miongoni mwa huduma zinazosimamiwa na serikali za kaunti. Mkutubi ambaye zamani alipeleka taarifa makao makuu ya huduma ya taifa ya maktaba mjini Nairobi, ambako wasomaji wa taarifa hizo walikuwa wakutubi wenzake, sasa anaweza kujikuta akieleza bajeti yake mbele ya maofisa wa kaunti ambao pia wanafikiria zahanati, masoko na barabara. Lugha ya uainishaji haimsaidii hapo.

Uwezo huu hujengwa polepole, ndani ya maktaba kwanza:

- Uenyekiti wa kikao cha kila mwezi uzunguke. Anayeongoza kikao aandae ajenda, atunze muda na afunge kila hoja kwa jina la mtekelezaji na tarehe. Mkuu akae pembeni na azungumze kwa zamu kama wengine.
- Muhtasari uandikwe na mtu tofauti kila mara, na upelekwe kwa wote ndani ya siku mbili. Kuandika muhtasari humfundisha mtu kutofautisha mazungumzo na maazimio.
- Taarifa ya robo mwaka iandaliwe na sehemu husika. Aliye sehemu ya watoto aandike kuhusu watoto, na jina lake lionekane.
- Mkuu akiitwa halmashauri au kwenye bodi ya chuo, aende na mtumishi mmoja. Safari ya kwanza asikilize, ya pili ajibu swali moja lililopangwa, ya tatu awasilishe sehemu yake.

Katika kuandika taarifa, watumishi wafundishwe kuambatanisha kila takwimu na jambo linaloombwa. Idadi ya wasomaji peke yake haimwambii diwani chochote. Idadi ya wasomaji waliorudishwa mlangoni kwa kukosa viti katika mwezi wa Oktoba, ikifuatwa na ombi la meza na viti kadhaa, inaeleweka mara moja. Lakini mwenye kutaka takwimu hiyo lazima awe na mtu mlangoni anayeihesabu, isibuniwe. Takwimu ya kubuni ikigunduliwa mara moja, taarifa zote zinazofuata hazitaaminika.

## Kijana anapomsimamia mkubwa wake

Hili linahitaji busara kuliko yote. Katika maktaba nyingi kuna mama au mzee aliyekaa miaka 25, anayejua kila rafu na kila msomaji wa zamani, na kuna kijana wa stashahada anayeijua kompyuta. Kumpa kijana usimamizi bila maandalizi huleta mgomo wa kimyakimya: kazi zinafanywa shingo upande, na taarifa muhimu hazimfikii.

Mkuu aanze kwa kuzungumza na mwenye umri mkubwa, faragha, kabla ya kutangaza chochote. Asimwombe ruhusa, kwa kuwa hilo litamfanya kijana aonekane ameazimwa madaraka. Amweleze sababu na amkabidhi sehemu yake, ambayo iwe ya maana. Mzee anayekumbuka ni vitabu gani vya marejeo viliwahi kuibwa na kwa njia gani anaweza kupewa ulinzi wa makusanyo ya pekee, magazeti ya zamani na vitabu vya historia ya mkoa, na akafundisha hayo kwa wengine.

Kwa kijana, mashauri ni mahususi zaidi. Shikamoo haipunguzi madaraka yake, asiiache. Maelekezo ayatoe mapema, kwa faragha, na kwa sauti ya kuomba ushirikiano: "Mama, leo naomba unisaidie kaunta hadi saa saba." Asimkosoe mkubwa mbele ya wasomaji kwa hali yoyote, isipokuwa kama usalama wa mtu uko hatarini. Na akikataliwa, asipandishe sauti wala kukimbilia kwa mkuu siku hiyo hiyo. Aandike, amrudie mhusika kesho yake, na ikishindikana ndipo amhusishe mkuu.

Mafunzo ya kompyuta yafanywe kwa jozi na kwa kubadilishana: kijana anamwonyesha mkubwa jinsi ya kutafuta na kuazimisha katika Koha, mkubwa anamwonyesha kijana jinsi ya kumsikiliza msomaji asiyejua anachokitafuta. Kila mmoja anakuwa mwalimu mara moja kwa wiki, na heshima hurudi yenyewe.

## Mambo yanapokwenda vibaya

Yatakwenda vibaya. Vitabu vitapangwa mahali pasipofaa, darasa la wageni litafanya fujo, funguo zitasahaulika. Kinachofuata ndicho kinachoamua kama mtumishi ataendelea kujaribu. Kosa lililotokea ndani ya mipaka aliyopewa mtumishi ni la maktaba, na mkuu ndiye anayelijibia nje. Kosa la kuvuka mipaka kwa kujua ni suala la nidhamu na lina taratibu zake. Kuyachanganya hayo mawili, kwa kumpa mtu barua ya onyo kwa sababu alijaribu jambo aliloruhusiwa, kunafundisha wote kwamba usalama uko katika kutofanya kitu.

## Makosa ya kawaida ya wakuu

- Kukabidhi kazi na kubaki na funguo, nywila na mihuri inayohitajika kuifanya.
- Kumpa kila jukumu mtu yule yule kwa sababu "huyu anajua". Baada ya mwaka amechoka, na wengine hawajaanza.
- Kuwasahau wahudumu, walinzi na wafanyakazi wa kujitolea. Msomaji huonana nao kabla ya kuonana na mkutubi yeyote.
- Kuita kazi zisizopendwa "nafasi za kujifunza". Watumishi hulitambua hilo siku ya kwanza.
- Kupiga simu mara tano siku ya likizo kuuliza mambo yanaendaje.

## Pingamizi zinazosikika mara kwa mara

"Watumishi ni wachache, hakuna muda." Mwenye watumishi watatu ndiye anayehitaji zaidi kwamba kila mmoja aweze kushika nafasi ya mwenzake. Daftari la zamu na robo saa ya Jumatatu havihitaji mtu wa ziada.

"Hawana cheo, taratibu haziruhusu." Kukaimu cheo kunahitaji barua ya mamlaka husika, na hakuna anayepaswa kukaimishwa kwa maneno ya mdomoni. Kusimamia zamu, kikao au shughuli maalumu ndani ya majukumu ya kazi ni jambo tofauti. Karatasi ya jukumu itaje wazi kwamba ni usimamizi wa shughuli, ili kusiwe na madai wala kinyongo baadaye.

"Akishaiva atahama." Baadhi watahama, hasa kwenda vyuo vikuu na mashirika yanayolipa zaidi. Lakini wanaohama waliandaa wengine walipokuwapo, kama utaratibu ulifuatwa, na maktaba inayojulikana kwa kukuza watu hupata waombaji wazuri zaidi. Anayezuiwa kukua asihame, hubaki mwili tu.

"Wengine hawataki kuongoza." Ni kweli, na si kosa. Mwenye mkono wa kurekebisha majalada yaliyochanika asilazimishwe uenyekiti. Ila aulizwe tena baada ya mwaka, kwa kuwa wengi hukataa kwa hofu ya kuaibishwa, na hofu hiyo hupungua wakiona wenzao wamekosea na hawakuvuliwa nguo mbele za watu.

## Maktaba yenye mtumishi mmoja

Maktaba za shule na za kata mara nyingi zina mtu mmoja, pengine mwalimu mwenye vipindi vyake. Hapo uongozi hukuzwa miongoni mwa wanafunzi. Wachaguliwe wasaidizi wa maktaba kutoka vidato tofauti, wapewe zamu, rejesta na mafungu matatu ya maamuzi kama yaliyoelezwa juu, huku faini na funguo za stoo zikibaki kwa mwalimu. Wa kidato cha tatu wawafundishe wa kidato cha kwanza kabla mwaka wa mtihani haujawafika. Wasigeuzwe askari wa kuripoti wenzao; wakifanywa hivyo, wanafunzi wataikimbia maktaba.

## Dalili za mafanikio, na makabidhiano

Baada ya miezi sita daftari la "tufanyeje?" lirudiwe kwa wiki mbili nyingine. Kama maswali yaliyokuwa fungu la kwanza bado yanafika kwa mkuu, ama mipaka haikueleweka au mkuu mwenyewe anaendelea kuyajibu. Dalili nyingine ni rahisi kuona: msomaji anapata jibu moja kutoka kwa watumishi wawili tofauti, mapendekezo yanakuja kwa maandishi, mkuu anaenda likizo na kurudi akikuta taarifa badala ya foleni.

Kipimo kikubwa zaidi ni siku mkuu anapoondoka moja kwa moja. Makabidhiano mengi hufanywa kwa asubuhi moja, kwa orodha ya samani na funguo, na yale muhimu huondoka naye: nani hutoa msaada wa vitabu na kwa masharti gani, makubaliano ya mdomo na shule za jirani, mzabuni anayechelewa, sababu ya rafu fulani kuwekwa ilipo. Mambo hayo yaandikwe na watumishi wenyewe, kila mmoja kwa sehemu yake, na yahuishwe kila mwaka. Katika utumishi wa umma Tanzania umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60, na kwa hiari ni 55. Tarehe ya mkuu kuondoka inajulikana miaka mingi kabla; hakuna maktaba inayopaswa kushtukizwa nayo.